Shairi Lataka Jibu

Vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu mwaka 1812, vilikuwa na uwanja wa pili usiomwaga damu. Mombasa ya akina Mazrui, ikishirikiana na Pate, ilishuka ufukoni kuitia Lamu adabu, ikashindwa vibaya. Silaha zilipofanya kazi yake, washairi nao walifanya yao. Upande wa Lamu alisimama Zahidi Mngumi, kiongozi wa watu na fundi wa maneno. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu mwaka 1776 na kuishi jirani na baraza la watawala. Shairi lilitoka Lamu na vitisho vyake, likapokewa Mombasa, likapata jibu, na jibu nalo likapelekwa kaskazini kutafuta jibu lake.

Muyaka ndiye wataalamu wanayemtaja kuwa alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Alitunga juu ya siasa, biashara, mapenzi na ufukara, na umbo alilolipa nguvu ni hili lijulikanalo hadi leo: ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina katikati na mwishoni. Umbo hilo lilifaa sana kwa ugomvi. Lilikuwa fupi kiasi cha kushikwa kichwani na mtu aliyelisikia mara mbili tatu, na lilikuwa na vina ambavyo mjibuji aliweza kuvichukua kama vilivyo na kumrudishia mwenyewe. Kumshinda mtu kwa vina vyake ndiyo iliyokuwa raha ya mchezo.

Tangu hapo shairi hilo limepita katika gazeti, sahani ya santuri, redio, kaseti na simu. Kila chombo kilipoingia kilianza kwa kuuchukua ushairi uliokuwapo, kwa sababu ndiyo bidhaa iliyokuwa tayari na yenye wateja. Kisha kikaugeuza kwa mahitaji yake: kikaukata, kikaurefusha, kikawaleta watunzi wapya na kuwanyamazisha wengine. Lakini katika mageuzi yote hayo kuna jambo moja linalojirudia. Chombo hakikuota mizizi kwa Waswahili mpaka watu walipopata mlango wa kujibiana humo, na pale ambapo mlango haukuwapo, waliutoboa wenyewe.

Hata karatasi ilikuwa chombo kigeni wakati fulani. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani, una tarehe ya 1728, na tenzi za namna hiyo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtunzi wa utenzi alizoea kuanza kwa kuagiza aletewe wino na karatasi, na kumaliza kwa kujitaja jina, pengine na mwaka na idadi ya beti. Mambo haya yalikuwa ndani ya beti zenyewe, na yalikuwa na kazi. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, nyumba hadi nyumba, na mnakili mvivu angeweza kuruka beti au kusahau mtunzi ni nani. Jina lililofungwa kwa vina na mizani si rahisi kuliondoa bila shairi kuchechemea.

Na herufi hizo hazikuwa zikimaliza kila kitu. Kiarabu hakina p, ch, g wala v, na alama moja ya irabu ilisomwa i au e, nyingine u au o. Msomaji aliyekuwa hajawahi kulisikia shairi alijikwaa kila baada ya neno. Kwa hiyo hati ilimtegemea mtu mwenye kujua. Ilikuwa kumbukumbu ya sauti, na sauti ndiyo iliyokuwa shairi. Utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kumwusia bintiye ulienea hivyo, ukinakiliwa, ukisomwa kwa mahadhi, ukishikwa na wanawake ambao wengine hawakuwahi kuushika mkononi.

Gazeti liliuvunja utegemezi huo. Wamisionari wa Unguja walianza kuchapa *Msimulizi* mwaka 1888, na mwaka 1904 serikali ya Wajerumani ikaanzisha *Kiongozi* kule Tanga. Haya yaliandikwa kwa herufi za Kilatini, na yalipotafuta cha kujaza kurasa baada ya habari za shule, za safari na za wakubwa, mashairi yalikuwa yanangoja. Lakini kurasa zilizolibadilisha shairi kweli ni za *Mambo Leo*, gazeti la kila mwezi ambalo serikali ya Waingereza ililianzisha Dar es Salaam mwaka 1923.

*Mambo Leo* halikuanzishwa kwa ajili ya washairi. Lilikusudiwa kuelimisha raia na kuwafikishia sauti ya serikali. Washairi walilivamia. Mtu wa Tabora au wa Kilwa aliandika beti zake, akazitia kwenye bahasha, akazipeleka posta, na akingoja sana alijiona kwenye chapa. Ukazuka mtindo wa kumpigia hodi mhariri katika ubeti wa kwanza na kumwomba nafasi, na mtindo wa kulisemesha gazeti lenyewe kana kwamba ni tarishi. Wengine walijificha nyuma ya majina ya ushairi. Mmoja aliuliza swali la fumbo. Miezi iliyofuata majibu yaliingia kutoka miji ambayo muulizaji hajawahi kuikanyaga. Malumbano ambayo zamani yalihitaji watu waliojuana, mji na mji, sasa yaliwakutanisha wageni, na mhariri akawa mwamuzi: ndiye aliyejua nani kajibu kwanza, na ndiye aliyeamua mchezo umekwisha.

Mwendo wa posta nao ulileta adabu yake. Kati ya swali na jibu palipita mwezi, pengine miwili, hivyo mjibuji hakuweza kurusha tusi na kukimbia. Ilimpasa amtaje anayemjibu, akumbushe hoja yake, kisha ndipo aanze. Ubeti wa kwanza ukawa wa hodi, wa pili wa kukumbusha, na kaditamati ya kuaga, pamoja na jina la mtunzi na mji wake.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la watu. Herufi za Kilatini zilifundishwa shuleni kuanzia pwani hadi Ujiji, na kwa sababu hiyo mtu hakuhitaji tena kuzaliwa Lamu au Mvita, yaani Mombasa, wala kukaa chuoni kwa mwalimu, ili awe mshairi. Shaaban Robert, mzaliwa wa upande wa Tanga mwaka 1909, alianza kujulikana kwa mashairi yake katika *Mambo Leo*. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki. Saadani Kandoro na Kaluta Amri Abedi walitoka magharibi kabisa, karibu na ziwa Tanganyika. Hawa hawakuzikuta kanuni za shairi katika malezi. Walizisoma katika chapa na kuzikisia. Ndiyo maana kanuni zikahitaji kuandikwa. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, kitabu kinachoeleza mizani, vina, vituo na urari wa beti kama mtu anavyoeleza sheria za barabarani. Muyaka hakuwa na haja ya kitabu cha namna hiyo. Gazeti lilipoupanua uwanja, ndipo uwanja ulipohitaji mistari ya chokaa.

Mwaka huohuo wa 1954 chama cha siasa cha TANU kiliundwa, na Kandoro alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Amri Abedi akaja kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Watu waliojifunza kubishana hadharani kwa vina na kwa zamu hawakuona ajabu kubishana na serikali.

Wakati gazeti likifanya hayo, chombo kingine kilikuwa kimekwisha kuichukua sauti yenyewe. Mwezi Machi 1928, Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa karibu mwaka 1880, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sultani Barghash alimtuma mtu Misri kujifunza muziki, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, iliimba Kiarabu kwa watu wenye nafasi. Siti aliimba Kiswahili, na aliimba mashairi: vina vilevile, mizani ileile, yakiwa yamevishwa ala.

Sahani ya santuri ilikuwa na masharti magumu. Upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne hivi, basi. Ukumbini wimbo wa Siti ungeweza kuzunguka kwa muda wote ambao watu walitaka kutunza na kurudishiwa ubeti. Bombay ulilazimika kukoma sindano ilipokaribia katikati ya sahani. Beti zikapunguzwa, na wimbo uliokataa kupunguzwa ukakatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Ndipo wimbo ulipopata urefu maalumu, wakati mashairi ya zamani yalikwisha mtunzi anapochoka au hadhira inaposinzia.

Isitoshe, sahani husema lakini haisikii. Kwa nini basi ilipendwa? Kwanza, haikusikilizwa faraghani. Gramafoni ilikuwa ghali. Ilipigwa mkahawani na barazani, na waliokusanyika walilijadili shairi papo hapo. Pili, nyimbo zenyewe zilikuwa tayari ni majibu. Wimbo wa Siti uitwao *Kijiti* ulisimulia mkasa wa kweli wa mwanamke aliyetoka bara kutembelea Unguja akauawa, mwuaji akatoroka, na sheria ikawageukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Hilo lilikuwa jibu kwa mahakama ya kikoloni, likatiwa kwenye sahani na kusafirishwa mahali ambapo hukumu yenyewe haikusomwa. Tatu, walio na la kusema wakaimba yao. Mashindano ya vikundi vya taarabu yakawa sehemu ya taarabu yenyewe, Unguja, Mombasa na baadaye Tanga, ambako Black Star na Lucky Star waligawana mashabiki. Na aliyekuwa hana bendi alikuwa na kanga. Jina la kanga ni mstari mmoja tu uliochapwa juu ya kitambaa, lakini mwanamke akijua kuuchagua na kujua mbele ya nani apite nao, amekwisha kujibu bila kufungua kinywa.

Redio ilikuja na ubishi mwingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na Unguja ikawa na Sauti yake mwaka huohuo. Baada ya uhuru Dar es Salaam ikapata Radio Tanzania. Hapa shairi lilirudishiwa kitu ambacho gazeti lilikuwa limekipoka. Katika kipindi cha Malenga Wetu, beti zilizotumwa kwa posta zilighaniwa, na watu wasiojua kusoma wakawa tena wasikilizaji wa shairi, sawasawa na wanaojua. Tofauti ni kwamba aliyeghani hakuwa mtunzi. Mtunzi alikaa kwake, pengine kijijini, akisikia maneno yake kwa sauti ya mtu wa studio, na akiwa hapendi mahadhi aliyopewa hakuwa na la kufanya.

Lakini tazama wasikilizaji walivyoitendea redio. Chombo hiki kiliundwa ili mmoja aseme na wengine wote wanyamaze. Wao wakakigeuza kuwa baraza kwa njia ya kadi ya salamu. Mtu alinunua kadi dukani, akajaza jina lake na mahali alipo, kisha majina ya jamaa na marafiki awasalimuo, akaitia posta. Wiki kadhaa baadaye mtangazaji aliisoma, na waliosalimiwa wakatuma zao kurudisha. Watu walipata sifa nchi nzima kwa kusalimu tu, wakaundiwa hata vilabu. Matangazo ya vifo nayo yakafuata njia hiyohiyo: taarifa ya msiba, iliyokuwa ikipelekwa kwa miguu, sasa ilisomwa mara moja kwa ukoo uliotawanyika mikoa kumi. Hakuna mhandisi aliyebuni hayo, wala serikali haikujenga mitambo kwa ajili ya salamu.

Serikali ilikuwa na haja nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mshairi na mfasiri wa Shakespeare, aliwataka wasanii walifikishe Azimio kwa wananchi. Mnyampala alichukua malumbano ya gazetini akayapandisha jukwaani: ndiyo ngonjera, ambamo wawili au zaidi hubishana kwa beti, asiyejua akiuliza na ajuaye akijibu. Shule nyingi zilizipokea, watoto wakazikariri na kuziigiza mbele ya wageni wa heshima. Umbo ni la kujibizana, ila jibu limekwisha kuandikwa kabla ya swali. Mkulima mwenye shaka katika ngonjera hana budi kuridhika kufikia ubeti wa mwisho. Pengine ndiyo sababu ngonjera zilistawi sana penye mgeni rasmi na hazikuzua ugomvi wa maana popote.

Miaka hiyohiyo, huko Kenya, kijana mmoja wa Mombasa alikuwa akionyesha kinyume chake. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa siasa uitwao *Kenya: Twendapi?*. Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapwa kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Katika hayo limo shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombania mnazi. Kila mmoja anasema yake, mwenzake anamjibu, na hakuna anayelegezwa kwa hila. Mfungwa asiye na wa kulumbana naye alizitunga sauti zote mbili, na akaupa kila upande haki yake. Diwani hiyo ilikuja kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Vyuo vikuu navyo vilileta kitabu kilichokusudiwa jicho. *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1974, kilikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala urari wa mizani, na kelele zilizofuata zilidumu miaka. Wanajadi walisema haya si mashairi. Wanamabadiliko walisema vina ni pingu. Pande zote mbili zilizungumza juu ya sanaa, lakini chini yake lilikuwamo suala la chombo. Shairi la Kezilahabi lilikuwa la msomaji mmoja, kimya, na ukurasa mbele yake. Ukilipenda utalitafakari, usipolipenda utaandika makala. Huwezi kulijibu kwa vina vyake, kwa kuwa havimo.

Kaseti ikaja kufungua kila kilichobanwa na sahani. Miaka ya 1970 ilipoingia, mkanda wa dakika sitini ulikuwa na nusu saa kila upande, na mashine ya kurekodia ilibebeka. Taarabu ya harusini Mombasa ilinaswa kama ilivyo: beti zote, kikohozi cha mtu, vigelegele vya wanawake, mtu akiitwa atunze. Duka lilinakili kanda kwa kanda, mteja akachukua yake. Hapo sauti ya mwimbaji Juma Bhalo ilisafiri zaidi ya alivyosafiri mwenyewe, ikibeba mashairi ya watunzi kama Ahmad Nassir Juma Bhalo juu ya mahadhi yaliyotoka katika filamu za Kihindi. Msikilizaji mmoja aliyekuwa ameiona filamu alisikia vitu viwili kwa pamoja: huba ya sinema na mafumbo ya Mvita.

Na kaseti, tofauti na santuri, iliweza kurudisha. Kitufe cha kurekodi kilikuwa mikononi mwa mnunuzi. Lamu, katikati ya miaka ya 1970, mashairi ya uchaguzi ya pande zilizoshindana yalirekodiwa na kunakiliwa, huyu akitoa kanda na yule akimjibu, bila kumwomba mhariri nafasi wala redio ya serikali ruhusa. Wazanzibari waliokwenda Oman na nchi za Ghuba baada ya mapinduzi ya 1964 walitumiana kanda na jamaa zao badala ya barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dar es Salaam ilipogawanyika baina ya Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano, mipasho iliruka kutoka ukumbi hadi ukumbi, na kaseti ikamfikishia jibu hata yule ambaye hakulipa kiingilio.

Simu ya leo imevirithi vyote hivi kwa pamoja. Kundi la washairi katika WhatsApp lina mhariri wa gazeti, ambaye sasa ni msimamizi anayeweza kukutoa. Lina ughani wa redio kwa ujumbe wa sauti. Lina unakili wa kaseti, ila usiogharimu kitu. Kilichobadilika ni muda. Jibu lililosubiri mwezi mzima katika *Mambo Leo* sasa laweza kuandikwa kabla swali halijasomwa vizuri, na wazee wa fani wanalalamika kwamba vina vimekuwa vyepesi na hoja nyepesi zaidi. Lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo shairi lile la mistari minne, ambalo kitabu cha kiada kilikuwa kimekwisha kuwazoesha wanafunzi kuliona kama mtihani, limerudi kuwa kitu ambacho dereva, muuguzi na mwalimu hurushiana usiku.

Tatizo lililo mbele yetu ni la uhifadhi. Tumezoea kumhifadhi mshairi katika diwani, na diwani humchukua mtu mmoja na kuwaacha aliokuwa akisema nao. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alihangaika Mombasa kuyakusanya mashairi ya Muyaka kwa wazee walioyakumbuka, akisaidiana na mmisionari William Taylor. Sikujua akafa mwaka 1890, na diwani ikatoka Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya Muyaka kufa. Bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini msomaji wa diwani nyingi za Kiswahili, ya Muyaka hata ya waliotamba magazetini, mara kwa mara husoma jibu kali asijue aliyejibiwa alisema nini. Anayeyakusanya malumbano ya simu leo, wakati washiriki wangali hai na tarehe zimo ndani ya ujumbe, ana nafasi ambayo Sikujua hakuwa nayo: ayachukue mashairi ya pande zote, kwa mpangilio yalivyojibiana, pamoja na ya walioshindwa.